Mahali Nilipokatazwa Kumfuata Mume Wangu

Iko siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na sikuwa Bukavu wala hapa Brussels. Nilikuwa Ugiriki, kwenye gati la kijiji, nimesimama juani nikimtukana mume wangu ambaye hakuwepo.

Bon, tuanze mwanzo. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho. Tonton wako, huyo mume wangu, alinikuta hapa Brussels akikimbia vita vya kwetu Bukavu, na tangu ashuke kwenye treni pale Gare du Midi alikuwa hasemi. Anafanya kazi, anakula, analala, basi. Mimi unanijua, kinywa changu hakina likizo. Nilimfuata jikoni, nilimfuata mpaka marché, soko lile la Jumapili: Unawaza nini? Umekasirika? Bahati alikufa vipi? Bahati alikuwa mdogo wake. Walikimbia pamoja, akafika peke yake. Kila nikiuliza, anachukua koti anatoka. Nikaanza kuogopa kwamba siku moja atatoka asirudi.

Kosta, Mgiriki mwenye duka alikofanya kazi, akatualika kwao Halkidiki. Pwani nzuri, usiseme! Unaingia majini mpaka kifuani na bado unaona vidole vyako vya miguu. Vijiji vya mawe, na mchana watu wote wamelala. Ng'ambo ya kijiji upo mlima wa watawa, monasteri zimejipanga juu ya bahari, na mwanamke haruhusiwi kukanyaga huko. Hata boti iliyobeba wanawake inapita mbali. Kosta akamtafutia tonton wako kibali cha siku chache, akapumzike kwa watawa. Akapanda boti na kimfuko chake, hata kugeuka hakugeuka.

Siku ya kurudi, boti ikaja. Wakashuka watawa, wakashuka mafundi, yeye hayupo. Mwanangu, niliona giza. Nikakimbia kwa mama yake Kosta, bibi aliyewahi kufanya usafi Brussels na Kifaransa akikijua. Nikamwomba wapige simu kule mlimani, mtu aende amtafute, amuulize ana shida gani.

Alikuwa anasafisha samaki. Hakuinua hata kichwa.

"Binti, hilo umemuuliza tangu lini?"

"Tangu afike, maman."

"Na amekujibu?"

Nikageuka kutazama gati.

"Alors, kaa chini, shika kisu. Akirudi, atarudi na njaa."

Nilikasirika, sikufichi. Nilisafisha samaki wa watu huku machozi yananitoka na magamba yamenijaa mikononi.

Kesho yake akashuka, ndevu zimemuota usoni. Maswali yalinifika kooni, nikayameza. Nikampokea mfuko, nikamwekea samaki na mkate, nikakaa kando yake nikitazama maji. Akala, akamaliza, akanawa mikono. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Bahati sikumuzika. Nilimuacha njiani angali anapumua. Aliniambia, wewe wende."

Nikamshika mkono. Sikuuliza hata neno moja. Akaendelea mwenyewe: jina la ile njia, mvua ile, shati alilokuwa amevaa mdogo wake. Watu waliamka usingizi wa mchana, wakashuka ufukweni na watoto wao, yeye bado anaongea.

Basi wewe unayeolewa Jumamosi, nisikilize. Mtu aliyenyamaza usimgeuze mshitakiwa nyumbani kwake. Muulize mara moja, ajue unataka kusikia. Kisha mpikie, kaa karibu naye, mwache. Najua ni kazi ngumu, hasa kwa sisi wenye vinywa hivi. Mimi mpaka leo kuna siku inanishinda, na tonton wako anacheka ananionyesha koti lake. Lakini fahamu kwamba pengine kinachomkaba hakina jibu la haraka, na akikuona hukimbii wala humkimbizi, atakupa mwenyewe.

Mungu akupe mume anayerudi, mwanangu, na akujalie kinywa kinachojua kumngoja. Amina.