Nilivyomtunza Mwimbaji wa Fado

Mimi ni mdadisi, na udadisi wangu hauna breki. Niliposikia kwamba mwanamke wa Kireno anakuja Stockholm kuimba fado, nyimbo za huzuni za kwao, nilijiuliza: mtu anaifanyaje huzuni kuwa kazi miaka nenda miaka rudi, asichakae?

Nilimburuta jirani yangu wa Vällingby, kitongoji chetu cha Stockholm, Mkongomani wa Bukavu. Tangu mama yake azikwe kule, naye akitazama mazishi kwenye simu, alikuwa hajaimba tena, na kwaya ya kanisani ilikuwa ikimsubiri. Kulia pia hakuwa amelia, na hilo ndilo lililonitisha.

"Yaya, sauti inakatala," aliniambia kila nilipomuuliza; yaya kwao ni dada mkubwa.

Ukumbini mwimbaji alisimulia kwa Kiingereza alivyoanzia kwenye vilabu vidogo vya Lisbon, kisha akazunguka dunia akichanganya fado na nyimbo za Cape Verde na Angola. Wazee wa kwao walimnunia, naye akaendelea tu. Taa zikafifia, akaimba.

Sikuelewa hata neno moja la wimbo, ila nilishikwa. Sisi watu wa taarabu, wimbo ukikushika hukai. Unainuka kwa madaha, unakwenda kumtunza mwimbaji kwa noti. Nikapekua mkoba: kadi tupu, noti hata moja sina. Nikavua mtandio wangu, nikaenda nikiyumbisha mabega, nikamvika begani. Ukumbi mzima uliganda. Kumbe fado husikilizwa kimya, hata kukohoa watu hujizuia! Niliona haya, jamani.

Baadaye tulimkuta mlangoni akisaini santuri zake, mtandio bado begani. Nikamwomba radhi kwa Kiingereza changu cha kazini, na kwa kuwa mdomo wangu haujui kutulia, nikamuuliza, "Kwani unawezaje kuimba yote yale bila kulia?"

Akacheka. "Nalia nyumbani, kabla ya kuja. Nisipolia, sauti haitoki."

Nikamtafsiria jirani yangu. Akafunga vifungo vya koti lake.

Kwenye treni nilisikia pumzi zake zikikwama. Kisha akalia, akimwita mama yake kwa sauti, mbele ya Waswidi waliojitia kutazama simu zao. Nikamkumbatia. Tukafika Vällingby, kituo chetu, milango ikafunguka, ikafungwa. Sikumwambia kuwa tumefika.