Dawa Isiyotaka Moto

Gikundiro alisukuma sirenge, akasukuma tena, dawa haikutoka. Iliganda mle ndani kama uji wa jana. Akakaa kitandani kumwomba Mungu uvumilivu, maana wake ulikwisha.

Mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Hii ya tatu daktari alimpa dawa ya homoni ya kuishikilia, inayoingizwa ukeni kila jioni kwa sirenge, bomba dogo lisilo na sindano. Ikiwa baridi ni maji. Ikikuta joto la mwili inakuwa nzito, inatulia palepale na kutoa nguvu yake polepole. Basi iwekwe penye baridi. Ikiganda, irudishwe kwenye baridi, italainika.

Penye baridi wapi, hapa kwao Songo, chini ya mabati yenye joto? Frigo ya jirani yake Josée ilishageuka kabati la nguo, umeme haupo. Gikundiro akaifunga dawa katika mfuko, akaizamisha kwenye mtungi wa maji. Na kila jioni aliikuta kando ya mbabula, jiko la makaa, imeviringishwa kitambaa kama kitoto.

Kazi hiyo ilikuwa ya Nyirabahizi, mama ya mume wake Ngabo, aliyeteremka toka milimani kumlinda. Kule juu mwenye mimba hapewi cha baridi: maziwa yanapashwa, maji ya kuoga yanapashwa. Mama akaipasha na dawa, kwa maombi, bila kutaka shukrani.

Gikundiro alimwomba aiache. Mama akakubali, akaihamisha tena. Alimtuma Ngabo, Ngabo akaongea na mama yake habari za ng'ombe, akarudi kusema ameisha kumwambia. Neno moja lingemaliza mambo, kusema dawa inapita wapi, na hilo mke wa mtu halitamki mbele ya mama mkwe. Alisema tu ni dawa ya tumbo.

Jana haikulainika kwa wakati, akalala bila dawa. Leo mgongo ulianza kuuma, kama zile mara mbili. Akatoka na sirenge mkononi, akamkuta Mama na Ngabo wamekaa penye mbabula.

"Mama, hii dawa haitaki moto."

"Iko baridi sana, mwana wangu. Utaikunywa namna gani?"

"Siikunywi, Mama. Inapita kule mtoto atatokea."

Nyirabahizi akavuta kitenge mpaka mdomoni. Ngabo akainuka, akatoka kama mtu aliyeitwa.

"Na weye unaniacha siku zote hizi naipasha karibu na sufuria ya sombe?"

"Nilikuwa na haya."

"Haya ndiyo itakuzalia?"

Gikundiro akamweleza kwamba joto la mwili wake linatosha, dawa haihitaji lingine. Mama akachota maji ya mtungi katika kikombe, akaishikilia sirenge mle ndani bila kuitazama, mpaka dawa ikaanza kucheza kama maji. Akamkabidhi, uso umegeukia ukuta.

"Nenda ulale. Minye nitaomba."

Aliomba kweli, kwa sauti. Akamkataza Ngabo asiguse mtungi, akataja sababu, na ukuta wa Josée ni wa mbao.

Asubuhi Gikundiro alitazama shuka. Haikuwa na damu, na mgongo ulikuwa umetulia. Akamshukuru Mungu kimyakimya, akafungua mlango. Mama alikuwa amesimama uani, anamwonyesha Josée kwa mikono jinsi dawa inavyoingia.