Diski Iliyohamia Kajiado

Usiku huo nililala na simu mkononi. Nilikuwa nimemwandikia Melvin, "Umefika?" Simu ilionyesha amesoma, lakini jibu hakuna.

Melvin ni kijana wangu wa pili. Anapiga video za harusi na matanga, na ana moyo mwepesi: hulia nyuma ya kamera kwa vifo vya watu asiowajua. Hapa kwetu Noonkopir, yeye na dada yake Immaculate walinunua kompyuta moja. Immaculate husikiliza mikutano ya watu wa ng'ambo na kuandika walichosema. Ili wasigombane, kila mmoja aliweka diski yake ndani, yenye mfumo wake wa kuendesha kompyuta, Melvin na Windows yake, Immaculate na Linux yake. Lakini moja ikiamka, nyingine lazima ilale. Jumamosi Immaculate aliizima kompyuta video ya Melvin ikiwa bado haijamaliza kutengenezwa. Melvin alichukua bisibisi. Alifungua kasha, akachomoa diski yake, akaenda kwa rafiki yake Joram, Kajiado mjini.

Asubuhi Immaculate aliwasha kompyuta. Skrini ikabaki nyeusi, na maandishi machache meupe kwamba hakuna cha kuwasha.

"Ameniharibia makusudi!" akasema, na kabla sijamzuia alikuwa ameshaandika hivyo kwa grupu ya familia.

Makusudi? Melvin? Sikutaka kuamini, na sikujua nikatae vipi. Nikamwita Kavata, fundi wa kompyuta wa pale stejini.

"Diski yako ni nzima," Kavata alimwambia Immaculate. "Kazi zako zote ziko. Ulipoweka Linux, diski ya Melvin ilikuwa ndani?"

"Ilikuwa."

"Basi ile sehemu ya kuwasha ilijiweka kwa diski yake. Amebeba yake, akabeba na ufunguo wako."

"Lakini kila mtu si ana yake?" nikauliza.

"Kila mtu ana yake, Mama Immaculate."

"Sasa ameharibu ama hajaharibu?"

"Hajaharibu. Hata hakujua. Arudishe diski, iwake, halafu niweke sehemu ya kuwasha kwa hii ya dada yake. Baada ya hapo hakuna atakayemtegemea mwenzake."

Immaculate alifuta ujumbe wake bila kuniangalia. Melvin alikuwa ameshausoma, na sasa simu yake ilikuwa imezimwa. Nikachukua leso yangu nikaenda Kajiado.

"Melvin, ni mimi," nikabisha mlangoni kwa Joram.

"Mama, rudi nyumbani. Si mimi ni mharibifu?"

"Kavata amesema hukuharibu. Amesema yako ndiyo ilikuwa inaamsha yake, ama ile ya kuwasha... ilikuwa kwako na hukujua."

Hatua zikasogea karibu na mlango. Kisha, "Boot ya Linux iko kwa diski yangu?"

"Sijui inaitwaje, mwanangu."

"Aliweka bila kuchomoa yangu? Na vile hujiita mjuaji!" Nikasikia kama anacheka.

Mlango ulifunguka upana wa mkono tu. Mkono ukatoka na kitu kilichofungwa kwa soksi.

"Mpelekee."

Sikukishika. "Mimi nitakifanyia nini? Waya gani inaingia wapi? Na nikikiangusha njiani?"

Mkono ulingoja, kisha ukarudi ndani. Nikajua nimeharibu mambo. Halafu nikamsikia Joram, "Enda bwana, ama mama yako atalala hapa," na viatu vikiburutwa sakafuni. Mlango ukafunguka wote, Melvin akatoka na soksi yake mkononi.