Spika ya Mlangoni Kwangu

Mimi ni fundi cherehani hapa Newala, na juzi juzi nilichoka na matangazo. Mara kundi la WhatsApp, mara picha, mara vipeperushi. Nguo zenyewe nishone saa ngapi? Nikaamua nibaki na kitu kimoja tu, spika mlangoni. Nikarekodi kwa simu: "Karibuni kwa Mama Rehema! Ukiambiwa Ijumaa, ni Ijumaa!" Nikaiacha ijirudie yenyewe, nikaenda kukanyaga cherehani yangu kule ndani.

Jamani, watu walijaa! Wauza mihogo walisimama, na bodaboda mmoja akazima pikipiki asikilize. Wote wanacheka. Kumbe biashara ni rahisi hivi! Nikawapungia mkono kama mgombea ubunge.

Mara akaingia Mama Upendo, aliyeniletea kitambaa cha gauni la harusi ya binti yake.

"Shikamoo, mama. Gauni lako limebaki vifungo tu."

"Marahaba. Hebu acha kushona kidogo, mwanangu, tulisikilize tangazo lako."

Nikaacha. Nje, sauti yangu ikamaliza habari za Ijumaa. Halafu, kwa kuwa nilisahau kuizima simu nilipomaliza kurekodi, ikaendelea kumwambia mdogo wangu: "Mama Upendo akija, mwambie nimekwenda Masasi msibani. Kitambaa chake hata sijakikata."

Umati ukaangua kicheko. Mama Upendo akaninyooshea mkono.

"Pole na msiba, mwanangu. Sasa nipe kitambaa changu."