Nilivyompelekea mama mkwe korona mpya Chemba, tukauguzana

Wakuu, heshima zenu. Hili limenipata mwenyewe, na shemeji yenu amekaa hapa pembeni anasoma ninavyoandika, kwa hiyo kudanganya siwezi.

Nafanya kazi ofisini hapa Dodoma mjini. Mama mkwe anaishi peke yake Chemba, analima alizeti. Ana presha.

Miaka sita ya ndoa, mazungumzo yetu yalikuwa shikamoo na marahaba basi. Si ugomvi, ni kuoneana haya tu.

Mwaka huu mke wangu ana mimba kubwa ya mdogo wake Rehema, binti yetu, nikachukua likizo nikamsaidie mama kuvuna. Nilikuwa nakohoa kidogo, nikasema ni vumbi. Redioni walishatangaza aina mpya ya kirusi, ila mimi niliugua ile ya mwanzo na chanjo nilichoma, nikajiona nimemalizana nayo.

Siku ya pili nikaamka na homa, koo linawaka. Zahanati wakanipima. Korona.

Nesi akanielewesha taratibu: "Hii mpya inawarudia hata waliougua. Wewe utapona. Wa kuangaliwa ni huyo mama unayekaa naye."

Nikamwambia mama nahamia gesti. Akakataa.

"Baba Rehema, ukaugulie gesti na mimi nipo?"

Nikajifungia chumba cha uani. Uji anauweka kwenye kigoda mlangoni, anagonga, anaondoka.

Siku ya tano hakugonga.

Nikavaa barakoa nikatoka. Nikamkuta kakaa kitandani, anahema kama katoka kupanda mlima. Nikakodi gari mpaka hospitali, akawekewa oksijeni. Nikakaa benchi la nje, simu mkononi, mke wangu anauliza hali, mimi nashindwa kutamka kwamba niliyemletea ugonjwa ni mimi.

Siku tatu zile za hospitali sitaki zijirudie.

Aliporuhusiwa, jikoni nikaingia mimi. Wakuu, mkwe kumpikia mama mkwe uji wa uwele! Na wakati huo sinusi harufu, wala ladha siipati.

Asubuhi ya kwanza akanywa funda moja, akakiweka kikombe chini.

"Baba Rehema, umenipikia uji au umenitia chumvi nisioze?"

Tukacheka mpaka akashika kifua. Hapo ndipo nikapata nguvu ya kumwambia: mama, nisamehe, ni mimi niliyekuletea.

"Najua. Nilikusikia ukikohoa siku ile unashuka kwenye basi. Ningekufukuza?"

Nikaenda kuosha vikombe.

Sasa ni mzima. Alizeti tulichelewa, ndege wamekula upande mmoja, lakini hakuna aliyelalamika.

Nilichojifunza: ukikohoa, pima kwanza ndipo uende kwa mzee. Kuugua zamani si kinga ya kujivunia. Nilibahatika tu, ingeweza kuwa msiba.

Jana kanipigia simu mimi, si binti yake. Hakuwa na shida yoyote, alitaka kujua kama nimekula.

Ninyi mliouguza wazazi safari hii, ilikuwaje? Semeni na sisi tusome.