Anti Asiive

Utotoni niliamini kabisa kwamba Mzungu akiiva, anarudishwa kwao. Yaani jua likimchoma akawa mwekundu kuanzia utosini hadi kisiginoni, serikali inamfuata, inampakia kwenye ndege, basi tena. Habari hizo alinipa mtoto wa jirani, aliyekuwa darasa la tatu, na kwa mtaa wetu wa Mbagala darasa la tatu ilikuwa sawa na uprofesa.

Nimeyakumbuka hayo juzi, rafiki yangu, nilipompeleka binti yangu kuandikishwa kwenye chekechea ileile niliyosoma mie. Ukubwani nilisoma shule ya jioni mpaka cheti nikakipata, lakini shule hasa kwangu ni pale: chumba kimoja, bati likialika kwa joto, na harufu ya uji wa ulezi ulioungulia chini ya sufuria.

Enzi hizo akaja Anti, binti wa Kizungu aliyejitolea kumsaidia Mwalimu Mkuu. Bibi yangu alikuwaga akisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakupewa jembe, alipewa upawa. Akagawa uji, akaosha vikombe, akatufuta makamasi ambayo, kwa hesabu zangu, yangejaza pipa. Kiswahili chake kilikuwa neno moja: sawa. Umemmwagia uji, sawa. Umemng'ata mwenzio, sawa, huku kakushika mkono hadi ukaombe radhi.

Mie nilikuwa na sababu yangu ya kutaka abaki. Bibi alikuwa anauza vitumbua sokoni, na akija kunichukua, wenzangu wote walishaondoka zamani. Kabla ya Anti nilikuwa nasubiri barazani peke yangu, Mwalimu Mkuu yuko ndani na kazi zake, nasikiliza nyumba za jirani zikikaanga vitunguu. Anti alipokuja, akawa anakaa nami. Hatukuongea, lugha tungeitoa wapi? Tulikula kitumbua changu cha asubuhi, nusu kwa nusu, tukatazama kuku wa watu.

Kwa hiyo niliposikia habari za kuiva, nilitangaza hali ya hatari.

"Pua imeshaanza," mtoto wa jirani alinionyesha kupitia uzio. "Ikifika shingoni, kwisha habari yake."

"Sasa tufanyeje?"

"Mnamwacha juani halafu unaniuliza mie? Mfunikeni."

Tukamfunika. Nilibeba khanga ya bibi, watoto wanne tukashika pembe. Akienda bombani tunaye, akienda chooni tunamsindikiza hadi mlangoni. Watoto wenyewe tunamfika kiunoni, kwa hiyo alitembea kajikunja chini ya ile khanga kama kikongwe, anacheka, sawa, sawa. Mchezo wa kukimbizana tukauhamishia ndani, tukagongana mpaka darasa zima likawa na manundu.

Bibi alipoikuta khanga yake imejaa vumbi, aliniuliza, nikamweleza yote. Akaikung'uta ile khanga mlangoni.

"Chukua na ile nyingine," akasema. "Hiyo nyepesi mno, inapitisha jua."

Kazi ilikwenda vizuri. Halafu Jumapili moja Anti akaenda kuogelea Mbezi Beach, na Jumatatu akaingia darasani mwekundu kuliko pweza wa kuchemsha, masikio na yote. Mie nililia mpaka mtaa wa pili wakauliza nani kafa. Ijumaa yake kukawa na biskuti na soda, akatukumbatia mmoja mmoja, akaondoka. Jumatatu iliyofuata nilikaa barazani na kitumbua kizima mkononi.

Mbezi Beach sikuisamehe. Miaka yote hii, iwe harusi ya ufukweni, iwe matembezi ya kazini, mie natoa udhuru. Mke wangu anadhani naogopa maji.

Sasa pale chekechea pana geti na mlinzi. Uwanja umesakafiwa, huwezi kupata vumbi hata la dawa. Watoto wanarudishwa na basi dogo lenye picha za sungura ubavuni, kila mmoja hadi mlangoni kwao, na ile baraza imevunjwa kwa kuwa hakuna tena wa kuikalia. Bibi hayupo. Uji unakuja umepikwa kwingine, kwenye ndoo yenye mfuniko, hauungui.

Mwalimu Mkuu bado yupo, mvi tupu, sauti ileile. Nilimwamkia, akaniitikia kwa jina langu la utotoni. Nikamsimulia habari za khanga na Mbezi Beach, nikiongeza chumvi hapa na pale, nikitegemea atacheka hadi machozi.

Hakucheka. Alikuwa anampima binti yangu sare, moja imebana, nyingine inaburuza.

"Mwanangu," akasema, "yule alikuja kwa miezi mitatu. Tikiti ya kurudi alishuka nayo ndegeni."