Kistari cha Marehemu

Saa tatu asubuhi. Katika duka la kuhamisha kumbukumbu za kompyuta, mwanamke mmoja anasoma majina ya mafaili kwa sauti, moja baada ya jingine. Wenzake wanamwita Bi Taratibu, na si kwa kumsifu.

Mbele yake ameketi mwalimu mstaafu, kofia magotini. Diski yake inakwaruza, iko mbioni kufa. Ndani yake mna sauti ya mwisho ya marehemu mkewe. Mafundi wawili wamemwambia faili hilo limeharibika, asahau.

Bi Taratibu huiandikia mashine amri kwa maneno, habofyi kwa kipanya. "Ukibofya mafaili elfu nne utazeeka hapohapo," ananiambia mimi, mwandishi niliyekuja kumtazama kazini.

Lakini amri haina huruma. Mwaka wake wa kwanza kazini alitumwa kufuta folda iitwayo "harusi nakala", akasahau kulifunga jina kwa alama za kunukuu. Kwa ile nafasi ya katikati, mashine ikaona majina mawili, ikafuta "harusi", ile halisi. Picha 612 ambazo hazikuwamo kwenye nakala zikapotea.

"Nililia mbele ya bibi harusi. Yeye ndiye aliyenibembeleza."

Tangu siku hiyo hagusi kitu kabla ya kusoma majina yote. Mimi, nakiri, nimeanza kupiga miayo. Ghafla ananyamaza. Faili linaitwa "-mwisho".

"Mzee, nani aliweka kistari hiki mbele?"

Mwalimu anatabasamu. Mkewe alianza kila kitu kwa kistari, hata orodha ya sokoni.

Kumbe faili ni zima. Jina likianza na kistari, mashine hudhani imepewa agizo, hukataa kunakili, na fundi mwenye haraka husema limeoza. Bi Taratibu anatanguliza nukta na mkwaju, yaani ./, mbele ya jina, kuiambia mashine kwamba hili ni faili la humuhumu. Anabonyeza. Linahamia diski mpya bila kelele.

Analifungua. Sauti ya mwanamke, kavu kidogo, inamkumbusha mumewe azime jiko kabla ya kutoka. Basi, ni hivyo tu. Mwalimu anajifunika uso kwa kofia, nasi tunamwacha.

Anapotulia, Bi Taratibu anashauri wakiondoe kistari, lisije likasumbua tena.

"Hapana, mwanangu. Alivyoliandika ndivyo libaki."

Mwezi ujao Bi Taratibu anataka kuanzisha darasa la Jumamosi kwa makarani, la majina kama hayo yanayotesa watu. Mwanafunzi wa kwanza ameshapatikana, maana mwalimu anataka kuwanakilia wanawe sauti ile kwa mkono wake. Anaandika jina lake daftarini polepole, na mbele yake anaweka kistari.